Mzizi Ndani ya Uji

Jumatatu, 9 Desemba

Jingwen amepiga simu kutoka Taiyuan. Binti yangu ana sauti ya mwalimu mkuu hata akikuuliza umeamkaje. Anasema mama yake hukohoa kila kipupwe na yeye amechoka kukisikiliza kikohozi hicho kwenye simu. Atakuja tarehe 21, sikukuu ya Dongzhi, ya usiku mrefu kuliko yote, tule pamoja jiaozi, vile vifuko vya unga vyenye nyama. Sulian akikohoa mezani, anaondoka naye mpaka baridi iishe. Fleti yake ina joto la bomba. Ina kitanda kimoja cha ziada, chembamba.

Sulian akacheka, akasema vizuri, na yeye akapikiwe. Nami nikacheka. Nikacheka muda mrefu kupita kiasi.

Miaka arobaini na moja sijaamka humu bila kumsikia akigombana na jiko. Hilo sikulisema. Nilisema tu kwamba hewa ya mjini ni mbaya.

Lakini kuna huangqi! Mzizi wa mlima wetu huu huu, unaoongeza kinga ya mwili. Kikwazo ni kimoja. Sulian alipojifungua, marehemu mama yangu alimnywesha huangqi kila siku mwezi mzima. Sulian aliapa mzizi huo hautapita tena kooni mwake. Basi utapita bila yeye kujua.

Jumanne, 10 Desemba

Nimechimba huangqi yangu mwenyewe, niliyoipanda mwaka juzi. Aibu! Nyembamba kama kamba za viatu. Mzizi huu unataka miaka mitano na subira. Mimi niliupa miaka miwili.

Nikaenda kwa jirani Qiao, fahari yangu nimeiacha nyumbani. Mizizi yake inaning'inia ukutani, mirefu, imenyooka, ili kila mpita njia aione. Hakunipa hata kipande mpaka niisifu. Nikaisifu. Akanitaka niisifu tena, eti mkewe hakusikia vizuri. Kisha akauliza anayetumia ni nani. Nikasema kuku wangu, siku hizi hatagi. Akasema kuku huyo ana bahati ya kupendwa.

Alhamisi, 12 Desemba

Mpango unakwenda. Nachemsha vipande kwenye jiko la stoo, la chakula cha kuku. Naviopoa. Maji nayajaza kwenye chupa ya maji moto. Sulian anapikia uji wa uwele bila kujua kitu. Anakandia unga. Anatia chai.

Ameshangaa mimi kuchota maji bila kuagizwa. Akauliza kama nimevunja kitu. Akaonja uji, akasema unanuka maharage. Nikasema ni uwele mpya. Ili kumthibitishia, nikanywa mabakuli matatu.

Jumamosi, 14 Desemba

Hajakohoa hata mara moja! Mimi ni tabibu!

Damu imenitoka puani mara mbili. Uso mwekundu, usingizi sina, midomo imekauka. Qiao ameuliza kama mke wangu amenipiga. Mtu mwenye mizizi mirefu ana maneno mafupi ya kuudhi.

Jumapili, 15 Desemba

Balaa. Sulian amerudi sokoni bila skafu. Alimpa mke wa Qiao, eti alikuwa anatetemeka. Amepiga chafya tatu. Nilizihesabu.

Zimebaki siku sita. Nimeongeza dozi. Halafu nikaongeza juu ya ile nyongeza. Jioni nimemwomba apike supu ya kuku. Maji nimeleta mimi, meusi kidogo.

Jumanne, 17 Desemba

Homa. Kikohozi cha Sulian kinatikisa kitanda. Nimekimbia kumwita Bibi Xue, aliyeanza kutibu watu wa wilaya yetu ya Hunyuan kabla mimi sijaota meno. Akapima mapigo ya mkono wa kushoto, wa kulia, akamwambia Sulian atoe ulimi. Kisha akaniambia mimi nitoe wangu! Akautazama, akautazama wa Sulian, akauliza ni nani katika nyumba hii anawalisha watu huangqi.

Nikatazama dari.

Akasema, wewe Yongnian, hata mtoto wa hapa anajua. Mzizi huo ni mlinzi anayefunga mlango. Baridi ikiwa bado nje, mwite. Ikishaingia, unaifungia ndani na mgonjwa. Na kinga ya mwili, akasema, haijengwi kwa siku tano kama banda la kuku.

Nilijua! Nimelijua hilo tangu nina miaka sita. Hofu ilinila akili.

Ameagiza tangawizi, sehemu nyeupe ya kitunguu cha majani, na kulala. Mimi maji ya peasi. Huangqi marufuku.

Alipoondoka, Sulian akauliza, Baba Jingwen, kwa nini? Nikasema kwa ajili ya afya. Akasema sema kweli. Nikasema sijui maji ya uji yanapimwaje. Nikasema fleti ina kitanda kimoja tu cha ziada.

Akageukia ukutani. Mabega yakatikisika. Nikajua nimemliza. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akanishika mkono, na hakuuachia mpaka usingizi ulipomchukua. Chai yangu ikapoa. Sikusogea.

Alhamisi, 19 Desemba

Homa imeshuka. Amenifundisha uji akiwa kitandani. Bakuli moja la uwele, manane ya maji. Nimeunguza. Ameumaliza wote.

Jumamosi, 21 Desemba

Dongzhi. Jingwen amekuja. Jiaozi za kondoo, siki, kila kitu sawa. Kisha nikakiona kikohozi kikipanda machoni mwa Sulian. Nikakohoa mimi! Kwa nguvu, juu ya chake. Akakohoa tena, nikakifunika tena. Mara ya nne Jingwen akaweka vijiti chini. Akasema mama ana nafuu, ila baba ana mapafu mabovu. Anakwenda Taiyuan baba, peke yake, kesho, akapimwe.

Peke yangu!

Sulian akaendelea kuchovya jiaozi kwenye siki. Akasema kwa utulivu kwamba huyu haendi popote bila yeye, hata maji ya uji hajui. Jingwen akatutazama mmoja mmoja, macho yakamlainika. Akasema ataazima godoro.

Tunaondoka kesho, sote wawili. Qiao atalisha kuku. Anasema atamsalimia kwa jina langu.

Jingwen amepiga chafya mbili akiosha vyombo. Maskini mwanangu, anafanya kazi mno, na hana wa kumwangalia. Vipande vya huangqi vilivyobaki nimevificha ndani ya soksi, chini kabisa ya begi. Chupa ya maji moto anayo, nilimuuliza.

Sulian ameuliza mbona begi langu linanuka maharage. Nimemwambia ni soksi mpya.