Baridi ya Dukani kwa Mashaka

Jumatatu, 20 Septemba 1999

Leo Bariadi itajua Mashaka ni nani! Kiyoyozi kimefika kutoka Mwanza. Kimetumika kidogo, ubavu mmoja umebonyea, lakini kinapuliza baridi ya kweli. Fundi Januarius amekifunga ukutani na kukiunganisha na jenereta la uani. Kaniambia kikiwaka nifunge mlango. Nimecheka. Nikifunga, wapita njia watajuaje kuna baridi? Nimefungua milango yote miwili hadi mwisho.

Sababu ninayo. Mablanketi! Nilinunua marobota mpaka yakagusa dari, maana kwa joto hili muuzaji alikuwa kama anayatupa. Tajudin, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Yeye anayo machache tu, nyuma ya vitenge. Hajui kufikiri. Mtu akihisi baridi atataka blanketi, na wiki hii watu wa pamba wana fedha mfukoni. Waingie watetemeke!

Mke wangu Asumini kasema mablanketi yasipoisha kufikia Jumapili, ufunguo wa duka anauchukua yeye. Asumini hana utani.

Jumanne, 21 Septemba

Duka limefurika! Hakuna aliyenunua. Mama mmoja kaketi juu ya robota tangu asubuhi, ananyonyesha, ananiombea heri. Mwingine kaleta ndoo ya maziwa yasichachuke. Mbuzi wa Mwandu mchinjaji wamelala kizingitini, upepo unawapiga usoni, wamefumba macho. Jenereta linakunywa dizeli kama ng'ombe waliotoka machungani.

Asumini kauliza kwani tunampoza nani, barabara? Nimemjibu kwamba biashara ni matangazo. Zile enzi za kupanga foleni ya sabuni zimepita, sasa mteja anavutwa.

Alhamisi, 23 Septemba

Mungu mkubwa! Mzee Mhoja wa Migato anakuja Jumamosi. Anamwozesha binti yake, wakwe watalala kwake, anataka mablanketi. Mengi! Akinunua huyu, ufunguo unabaki kwangu.

Asumini kashauri nizime mashine, nimpe mzee kiti na soda, maana shida ya mablanketi anayo tayari. Maskini, haelewi soko huria. Anayetaka kumi akitetemeka atachukua ishirini. Nimemwita Januarius aongeze baridi mpaka mwisho. Kanitazama sana, halafu akaongeza.

Jumamosi, 25 Septemba

Siku gani hii!

Mzee Mhoja kafika na wazee wenzake wawili. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Habari za ng'ombe, habari za pamba, habari za mvua ambayo haipo. Mzee wa Kisukuma hanunui kabla ya kuketi, basi wakaketi juu ya marobota. Punde wakaanza kusugua mikono. Nikachekelea moyoni. Mzee akasema kwa baridi hii kinatakiwa kitu. Nikashika blanketi.

Akasema, shikome!

Yaani ule moto wa wazee wa jioni, kule nyumbani kando ya zizi. Kabla sijafumbua mdomo, mmoja wao alikuwa ameshakwenda kwa Felisita mama ntilie na kurudi na jiko la mkaa, linawaka. Likawekwa katikati ya duka langu. Nani amwondoe mzee kwenye moto wake? Si mimi, nilizaliwa na watu.

Waliokuwa wakipita wakaona shikome, wakaingia. Nyanjige, muuza samaki wa Lamadi, akaingia na kapu lake akabandika sato juu ya makaa. Kiyoyozi juu kinanguruma, moto chini unawaka, milango wazi. Mimi katikati, kichwa kimeganda na magoti yanaungua! Hadithi zikapigwa, vicheko mpaka barabarani. Kusema kweli, ilikuwa raha. Nilikula sato mzima.

Halafu Mzee Mhoja akasimama, akanusa blanketi. Akasema kwa upole kwamba wakwe hawalazwi kwenye harufu ya samaki. Akanishukuru kwa moto mzuri. Akavuka barabara.

Tajudin kauza yote aliyokuwa nayo na kuahidi kuleta mengine. Jioni kaniletea kahawa, eti ahsante jirani. Iliniuma sana. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri.

Jumapili, 26 Septemba

Ufunguo unaning'inia shingoni kwa Asumini. Kazima mashine, kafungua dirisha la nyuma, upepo unapita bure. Kisha kawaita wachuuzi wa samaki wa Lamadi, wale wanaolala juu ya malori. Harufu ya sato, hao hata hawaisikii. Marobota yote yamekwenda kabla ya adhuhuri! Bahati tu.

Mimi nimeketi pembeni, nimetafakari kwa kina. Nimeliona kosa langu. Wazee wazima wametetemeka ndani ya duka langu mwenyewe, na jiko wakaenda kuazima kwa Felisita! Baridi nilikuwa nayo, moto sikuwa nao. Nilikuwa nauza bidhaa isiyo yenyewe.

Majiko! Duka zima majiko, kiyoyozi kinawaka, milango wazi.

Nimemwomba Asumini ufunguo. Kanipa ufagio. Nikimaliza kufagia majivu na magamba, nakwenda kwa fundi bati kutoa oda, kabla Tajudin hajashtuka.