Programu Yangu ya Mistari Elfu Nne

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Siku mbaya! Madame Illuminée, patronne wetu, yaani mwenye hoteli, ameleta mtu wa kukagua programu yangu. Anaitwa Uwineza. Amerudi kutoka Kampala na shahada, na Kiingereza, na viatu visivyoshika vumbi. Sijui anapita wapi mjini hapa.

Programu hiyo niliiandika mimi, Vénuste, peke yangu, miezi mitatu, umeme ukikatika kila siku. Inawapanga wageni vyumbani. Uwineza akaifungua, akashuka nayo kwenye kioo cha kompyuta, akashuka, akashuka. Akauliza kwa nini ina klasi moja tu. Nikamweleza kwa subira kwamba klasi ni fungu la maagizo, na mi nimeyaweka yote fungu moja ili yasipotee. Akasema klasi hiyo ni mtu mmoja anayepika, anayelinda geti, anayefua na anayesoma misa. Ndiyo maana mgeni akiomba yai, kompyuta inamhamisha chumba. Bon, hilo limetokea mara mbili tu. Tatu, ukimhesabu padri.

Kibaya zaidi: muda wangu wa majaribio kazini unaisha Jumamosi, siku mpwa wa patronne anaoa na hoteli inajaa. Patronne amesema kompyuta ni ya mtu mmoja. Atakayewapanga wageni bila kumtia aibu ndiye atapewa kontra, mkataba wa kazi. Na Mzee Aloys wa Cyanzarwe, babake Murekatete wangu, alishasema: bila karatasi ya kontra, posa yangu hataki hata kuisikia. Nimekwisha!

Jumanne, 3 Agosti

Uwineza amesema mbele ya patronne kwamba programu nzuri ni fupi. Yangu ina mistari 4,112. Na ni mimi niliyemwambia patronne kwamba ubora wa programu unahesabiwa kwa mistari!

Nikafunga mlango, nikachapa kazi. Saa nane mchana nikatangaza: mistari 903! Patronne akapiga makofi. Uwineza akaja, akatazama, akacheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimeunganisha mistari minne, mitano, kuwa mmoja. Sikufuta hata neno. Sasa kuusoma mstari mmoja inabidi uende kulia mpaka uchoke.

Nimezichukia Kampala na shahada zake.

Jumatano, 4 Agosti

Leo amegundua maagizo ya kutoa ufunguo. Nimeyanakili mara kumi na nane, chumba kwa chumba. Akasema yaandikwe mara moja, vyumba vyote viyatumie hayo hayo. Kurudia ni uchafu, akasema: ukirekebisha huku, kule panabaki na kosa. Nikabisha. Nikamwonyesha nilivyorekebisha vizuri. Kumbe nilirekebisha vyumba kumi na saba. Chumba namba kumi na moja bado kinatoa ufunguo wa stoo ya mkaa. Muhamadi wa mapokezi akasema donc ndiyo maana yule mgeni wa juzi alishuka kunywa chai na mikono myeusi.

Huyu Muhamadi bado anawaandika wageni wote kwenye kitabu kikubwa cha karatasi. Eti kwa usalama. Ni tusi, ila sina muda naye.

Uwineza akanishauri kwa upole, na upole wake unaniuma kuliko kicheko. Badili kidogo, jaribu, badili kidogo tena. Weka nakala kwenye disketi. Nikaitikia kwa heshima zote. Jumamosi imebakiza siku tatu, nani ana muda wa kidogo kidogo?

Alhamisi, 5 Agosti

Nimeokoka! Nimevuka mpaka asubuhi, pale Petite Barrière, nikapita katikati ya akina mama na ndoo zao za maharage, nikaingia soko la Goma. Nimerudi na kitabu cha Kifaransa cha programu. Kimetoka Brussels. Kurasa za mwisho muuzaji alishazifungia karanga, lakini sura ya kurithi imo. Yote, isipokuwa kipande kilichoanza na neno "Tahadhari".

Ni akili tupu! Kitabu kinasema igawe klasi kubwa. Tengeneza klasi ya Baba, kisha klasi ya Mke na klasi ya Mtoto zirithi vitu vya Baba bila kuviandika upya. Mfano wake ni bwana Lambert. Mke ni Lambert, watoto ni Lambert, wote wanarithi jina la baba. Unaandika jina mara moja, basi.

Nikasita kidogo. Sisi nyumbani tuko saba na hakuna wawili wenye jina moja. Kila mtoto alipewa lake alipozaliwa, na mama ana lake. Lakini kitabu kimetoka Brussels, na mi nimetoka mtaa wa Birere.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeandika programu nzima upya kwa siku moja! Disketi zilikuwa zimejaa, nikafuta ya zamani kupata nafasi. Klasi sita! Uwineza alipouliza naendeleaje, nikafunika kioo kwa koti.

Tena nikakumbuka maneno yake, mi si mutu wa kukataa mema: kurudia ni uchafu. Nikaongeza agizo langu mwenyewe. Jina likijirudia, lifutwe.

Nikaijaribu kwa jina langu. Mtu mmoja, chumba kimoja. Safi! Nimemtumia Murekatete salamu aanze kutafuta kitenge.

Jumamosi, 7 Agosti

Yebaba we!

Wageni sitini na wawili kutoka Butare, mabasi mawili. Muhamadi akaingiza majina yao, familia kwa familia. Mi nikabonyeza kitufe mbele ya patronne aliyevaa vazi la sherehe, mushanana wa hariri. Mashine ikachapa orodha. Majina kumi na moja. Muhamadi akauliza kama wengine wamebaki Butare.

Wako uani! Wamesimama na mabegi! Kompyuta ilimpa kila mke na kila mtoto jina la baba, kisha ikaona majina yanajirudia, ikafuta. Wanaume kumi na mmoja wana vyumba. Wake zao, watoto, mashangazi, hakuna hata mmoja aliye na kitanda.

Akaja bibi yake bwana arusi, Nyirahabimana, miaka themanini na fimbo. Nikatazama kioo, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba humu yeye anaitwa Sibomana. Akasema Sibomana ni mwanawe. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, na kama jina hilo linanisumbua anaweza kumnyang'anya. Ua mzima ukacheka. Patronne hakucheka.

Uwineza akatoa disketi mfukoni. Alinakili programu yangu ya zamani siku ya Jumanne, na kila siku amekuwa akikata kipande kimoja, anakijaribu, kesho kingine. Muhamadi akamsomea majina kutoka kitabu chake. Kabla chakula hakijapoa, kila mtu alikuwa na ufunguo, na bibi alipewa chumba kinachotazama ziwa. Mi nilijificha stoo ya mkaa. Nililia, nasema kweli.

Jumatatu, 9 Agosti

Patronne ameniita. Uwineza amepewa kompyuta. Nikainuka niende zangu, akaniambia nikae. Amesema mtu aliyefuta watu hamsini na mmoja lazima aandike wageni kwa mkono mpaka amjue kila mmoja. Nimepewa kontra ya msaidizi wa Muhamadi! Ina muhuri! Uwineza akanipa mkono, na Muhamadi akaninunulia brosheti ya nyama. Nimeapa: sitafuta mtu tena maishani. Nimeelewa kila kitu. Nimekuwa mutu mupya.

Jumapili, 15 Agosti

Nimepanda Cyanzarwe na kontra yangu. Mzee Aloys akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akapapasa muhuri. Akauliza kama kazi hii ni ya kompyuta. Nikajibu iko karibu na kompyuta. Kweli, kutoka meza yetu ni hatua tano. Posa imekubaliwa! Arusi mwezi wa kumi! Murekatete alikuwa nyuma ya pazia, nilimwona vidole vya miguu vikicheza.

Mzee akasema kwa kuwa sasa mi ni mtu wa majina, nimwandikie kadi za mwaliko za ukoo wake. Kila mtu kadi yake, kwa jina lake. Akanionya: kwao mtu asiyeitwa kwa jina haji, na hasahau. Akanitajia majina mpaka jua likashuka.

Watu mia moja na kumi na wanne! Nimeandika kadi tatu, mkono unauma. Kufikia ya nne nimepata njia ya mkato, na Uwineza simwonyeshi, asije akaingilia. Kila nyumba naandika baba peke yake, wengine watarithi. Nimeanza na nyumba ya mkwe wangu. Kadi moja: Aloys. Imemaliza watu tisa, mama mkwe akiwemo.