Ombi la Kuandikishwa Uwelisi

Black Rock, Buffalo
2 Machi 2015

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Asili ya Welisi

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima, na theluji imekubakizia mlango. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mwanachama wako Bwana Prosser, jirani yangu, amenifundisha kwamba Mwelisi wa kweli halazimishwi Kiingereza. Kiwelisi chake mwenyewe hakifiki hata salamu.

Naomba mniandikishe mimi na familia yangu kuwa Wawelisi. Ijumaa hii, shuleni kwa binti yangu Fides, mwenye miaka saba, kila mtoto atasimama na bendera ya kwao. Ameniuliza ashike ipi. Namwambia nitamjibu kesho, siku ya nne sasa, na naona aibu. Hoja zangu ni hizi:

1. Krismasi iliyopita Bwana Prosser alitema mate kwenye kichupa, akayatuma kwa posta yakapimwe asili yake. Majibu yakarudi: Mwelisi, asilimia kumi na nne. Tangu hapo bendera yenu ya joka inapepea barazani kwake, na jana, sikukuu yenu, alipita mtaani na kitunguu cha majani kifuani, kama ilivyo desturi yenu, akilia kwa kukumbuka nyumbani. Huko nyumbani hajawahi kukanyaga. Siku nilipomwita Mwingereza alininunia wiki nzima. Mimi kiwandani naitwa Mkongo kila siku na sijapata nafasi ya kununa, maana mashine haisubiri.

2. Mimi ni Mrundi asilimia mia, bila kutema chochote. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Kigoma. Burundi niliona milima yake tu, kwa mbali. Watanzania walisema mimi si wao. Warundi wa hapa wanasema Kirundi changu kimejaa Kiswahili, basi niende kwetu Tanzania. Mia yangu haijanipa hata kijiji, kumi na nne yake imempa nchi mbili. Kamati yako iikague hesabu hii.

3. Bwana Prosser asema Wawelisi ni watu wa milima, mvua na kwaya, waliodharauliwa na jirani mkubwa, Mwingereza, na watoto wao wameacha lugha. Mheshimiwa, hao si ndio sisi? Kwa sifa hizo yeye ndiye angeleta maombi kwetu.

4. Kama shida ni mate, nitatema mbele ya kamati, kiasi mtakachotaka.

Sina tamaa. Kumi na nne inatosha. Hata saba, maana Fides ni mdogo.

Angelika, mke wangu, anawasalimu. Nisalimie wajumbe wote, wakubwa kwa wadogo, na joka pia.

Mwelisi wako mtarajiwa,
Zabroni Nshimirimana

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Fides ameniletea picha aliyoichora kwa ajili ya Ijumaa: nyumba yetu, theluji, na basi likipita. Anasema yeye ni wa hapa Black Rock, alikozaliwa. Nimemkaripia. Nimemwambia kuzaliwa mahali hakumfanyi mtu kuwa wa hapo. Ndivyo afisa wa kambi alivyoniambia nikiwa na miaka hiyohiyo saba, na sikujua kama nimeyahifadhi maneno yake yote. Ombi langu liweke kando kwanza, Mheshimiwa. Mtoto yuko jikoni analia.