Hakimu Hana Mapenzi, Ana Njaa

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Profesa anastaafu! Ametangaza leo mwisho wa kikao, kofia tayari kichwani. Kiti cha mkuu wa Idara ya Mahusiano ya Binadamu na Wanyama kinabaki wazi. Nimekitamani kiti kile tangu nilipoingia hapa. Kina mikono miwili. Changu kina mmoja.

Tunaokistahili ni wawili tu, mimi na mwenzangu ninayeshiriki naye ofisi. Wanafunzi wanamwita Mpole. Mimi wananiita Mwalimu Hapana. Chanzo ni kwamba mtu akijua ninachofundisha, huniuliza kama mbwa wake anampenda, nami humjibu hapana. Sialikwi tena kwake.

Msimamo wangu haujawahi kuyumba. Mnyama hampendi mtu, anapenda mkono unaomlisha. Nimeandika makala nzima juu ya jambo hilo, tena ndefu. Mpole anashikilia kinyume chake, kwamba mnyama humpenda mtu kwa ajili ya mtu mwenyewe, awe na njaa au ameshiba. Ushahidi wake ni kobe wake, ambaye eti anazijua nyayo zake. Kobe!

Jumanne ijayo kila mmoja wetu atafanya jaribio la mgeni mbele ya baraza la idara. Atakayelishawishi baraza ndiye mkuu. Mpole alinipa mkono na kunitakia heri. Sijui anapanga nini.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Tatizo dogo. Sina mnyama. Sijawahi kuwa naye, siwapendi kihivyo. Daktari wa figo naye hafugi figo.

Lakini mama mkwe anaye. Alipohamia kwetu alikuja na sanduku moja na paka mmoja, dume la kijivu liitwalo Hakimu, kwa sababu humtazama kila mtu kana kwamba ameshasoma mashtaka yake. Kwa muda wote huo mimi na Hakimu tumeishi kwa kupishana kwenye korido. Tunaheshimiana kwa mbali.

Nimemwomba mama mkwe aniazime. Akaendelea kumenya viazi. Nikaeleza umuhimu wa sayansi. Akaendelea kumenya viazi. Mwishowe akasema paka si ngazi ya kuazimana. Mke wangu akaingilia kati, akamwambia mama yake kwamba nikipata cheo huenda nikaacha kuzungumzia kiti mezani. Mama mkwe akakubali papo hapo.

Masharti yake: atakuja mwenyewe siku hiyo, na paka asiulizwe maswali.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nimepata njia! Nimeifikiria nikiwa nasahihisha mitihani, ndiyo maana darasa zima limefaulu.

Jaribio la mgeni ni hivi. Mnyama anakaa chumbani na mwenye naye. Mgeni anaingia. Mwenye naye anatoka. Baraza linakaa chumba cha pili, nyuma ya kioo cha upande mmoja, kuona mnyama atamlilia nani na atamfuata nani. Kwa desturi ya idara yetu, mgeni lazima awe mpinzani wako, asije akakubeba. Na kila mtafiti huvaa koti jeupe la idara.

Sasa. Nitamfundisha Hakimu kwamba ndani ya mfuko wa koti jeupe kuna dagaa. Kila jioni nitavaa koti langu nyumbani na kumlisha kutoka mfukoni. Siku ya siku, Mpole ataingia na koti lake, nami nitakuwa nimeshatia dagaa mfukoni mwake bila yeye kujua. Mama mkwe akitoka, Hakimu hatageuza hata sikio. Atamkimbilia mgeni asiyemjua kabisa, mbele ya baraza zima. Miaka yote ya mapenzi ya mama mkwe itashindwa na dagaa wakavu.

Mtu anaweza kusema huu ni udanganyifu. Hapana. Huu ni ukweli uliosaidiwa kidogo.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Mafunzo yana changamoto. Jana Hakimu alijificha chini ya kitanda, nikatambaa na koti langu jeupe hadi nikamfikia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyesema atakwaruzwa pua. Mke wangu aliuliza ninafanya nini huko. Nikamwambia utafiti. Akauliza kama utafiti unaweza kuokota na ile kandambili yake iliyopotea. Niliipata.

Leo dagaa amewala, lakini na mfuko ameurarua. Kisha hatulii, anazunguka zunguka na kulia. Nikaona bora nimzoeze sauti ya kawaida ya mtu. Sikuwa na la kumwambia, kwa hiyo nikamsomea makala yangu. Alikaa. Akafumba macho kwenye utangulizi, lakini masikio yalibaki wima. Wanafunzi wangu hufanya kinyume.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Jioni ya ajabu kidogo. Naiandika kwa ajili ya kumbukumbu za kitaalamu tu.

Nilimaliza kumsomea Hakimu makala yote. Yote! Pamoja na tanbihi. Hakuna kiumbe aliyewahi kuisikiliza hadi mwisho. Profesa aliishia ukurasa wa tatu, na mke wangu, ambaye alinikubali na umaskini wangu wote, aliishia kwenye kichwa cha habari. Hakimu alikaa juu ya miguu yangu mpaka neno la mwisho. Nilipofunga karatasi alinyanyua kichwa akanitazama, kama anauliza ndiyo basi? Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi sana.

Baadaye nikakumbuka kwamba dagaa walikwisha tangu jana, na leo sikumpa chochote. Alikaa vilevile. Bila shaka ni harufu iliyobaki kwenye koti.

Mke wangu alipita mlangoni, akasimama kidogo, akasema mapenzi ni kikohozi. Nikamwambia asome kwanza makala. Akaenda kulala.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Dagaa wapya wamenunuliwa, wameingia mfukoni mwa koti la Mpole. Niliwatia wakati yuko darasani. Koti lake hutundikwa kando ya langu, na halina doa hata moja. Limepigwa pasi mpaka mikono. Mtu gani anapiga pasi koti la maabara?

Ndipo akarudi na chai mbili. Moja yangu, na sukari ninayoitaka. Akaniuliza kama nina wasiwasi wa kesho. Akasema yeye anao, maana kobe wake amekuwa mzito siku hizi, na kwamba nikishinda mimi atafurahi vilevile. Chai ikanipitia vibaya. Kwa muda mfupi nilifikiria kuwatoa wale dagaa. Kisha nikakitazama kiti changu, upande ule usio na mkono, wazo likapita.

Nimemwomba mama mkwe asimpe Hakimu chakula kesho asubuhi. Ameniangalia kama Hakimu anavyoniangalia. Lakini amekubali.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nimekaa bafuni kuandika haya. Ndiko kuliko na kitasa.

Alianza Mpole, na mgeni wake nikawa mimi. Kobe aliwekwa katikati ya chumba. Mpole akatoka, kobe hakujali. Mpole akarudi kwa zile nyayo maarufu. Kobe hakutoa hata kichwa. Tulisubiri. Mjumbe mmoja wa baraza akauliza kwa adabu kama yuko hai. Mpole akasema yuko hai, ila ni mwenye haya. Nilimwonea huruma, lakini si sana. Kiti kilikuwa changu. Niliona hata mahali nitakapoegemeza kiwiko cha kushoto.

Ikaja zamu yangu. Mama mkwe, amevaa nguo yake nzuri, aliingia na Hakimu. Mpole akaingia na koti lake, akaketi. Mama mkwe akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo na baraza, na hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha. Nikaomba nisome sehemu ya makala yangu wakati jaribio linaendelea, ili baraza lisikie nadharia huku likiona ushahidi. Profesa alikubali, akajiweka vizuri kwa usingizi.

Nikaanza kusoma. Ukuta ule ni wa mbao nyembamba.

Hakimu alikuwa ameshafika kwa Mpole. Alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, pua ndani ya mfuko, kila kitu kama nilivyopanga! Mara akasimamisha masikio. Akautoa uso mfukoni. Akawaacha dagaa, yeye ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, akavuka chumba, akaja kukaa chini ya kioo upande wangu. Akafumba macho.

Nilinyamaza kwa mshtuko. Akaanza kulia. Kilio cha ajabu, cha mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Profesa alifungua macho. "Soma," akasema.

Nikasoma. Paka akatulia.

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Paka akalia.

Akanirudisha hivyo mara nyingi, soma, nyamaza, soma, nyamaza, mpaka wajumbe wote wakasogeza viti karibu na kioo. Nilisoma kwa sauti, mbele ya baraza, sentensi isemayo kwamba mnyama hamtambui mtu nje ya chakula, huku paka mwenye njaa akikwaruza ukuta anitafute. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kisha Mpole akatia mkono mfukoni, akatoa dagaa. Nikajua nimekwisha. Aliwatazama, akaelekea kwenye kioo, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Akaliambia baraza kwamba sasa ameelewa. Mwenzake alimwekea mgeni chakula makusudi, ili paka akikiacha, nadharia pinzani ishinde waziwazi, hata ikibidi aumie yeye. Akasema katika kazi yake yote hajaona uungwana wa kitaalamu wa namna hiyo.

Wajumbe walinipigia makofi. Nilikuwa na njia mbili, kusema kweli au kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Niliinamisha kichwa.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Mpole ndiye mkuu wa idara. Profesa amesema jaribio langu limethibitisha nadharia ya Mpole kuliko Mpole mwenyewe alivyowahi kuithibitisha. Mimi nimepewa cheti cha uadilifu. Kimewekwa kwenye fremu. Mpole ameomba kitundikwe ofisini, juu ya meza yangu, nikione kila siku.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kwangu kilikuwa mfukoni mwa mwenzangu, na bado kikanila mimi.

Jioni nilimuuliza mama mkwe kama jana asubuhi hakumpa Hakimu kitu kwa siri. Akasema hakumpa. Nikamwomba akumbuke vizuri. Akaacha kukunja nguo. Nilidhani atakasirika, maana paka wake wa miaka yote hakugeuka hata kumtazama alipotoka, na nilijua lilimuuma. Lakini alisema taratibu sana.

"Baba, mimi nilimlea akiwa mdogo kama kiganja. Anakula kwangu, analala kwangu. Lakini saa za wewe kurudi, hukaa mlangoni. Sasa niambie wewe uliyesoma, huyo anangoja nini?"

Nikamjibu anangoja dagaa.

"Haya," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Siku nne za kutafakari, na sasa kila kitu kiko wazi. Nadharia yangu haina kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye koti.

Nimelifua koti langu kwa maji moto, nikalianika, nikalivaa. Sina dagaa wala harufu ya dagaa. Nikakaa kwenye kochi. Hakimu akaja moja kwa moja, akapanda miguuni. Hii inathibitisha jambo moja tu, kwamba sabuni tunayotumia imetengenezwa kwa mafuta ya samaki. Nimemwagiza mke wangu abadilishe sabuni. Amesema atabadilisha mume kwanza, sabuni ni ghali.

Mpole amepita leo kunisalimu. Kile kiti chenye mikono miwili amekileta kwangu, kwenye gari lake. Amesema yeye hukaa vizuri zaidi kwenye kigoda. Nilimshukuru. Hakuna mtu anayetoa kiti hivi hivi, ni dhahiri anaficha jambo. Kisha akaniomba nimtunzie kobe wake, aliyekuja naye garini, wakati atakapokuwa safarini. Nimekubali haraka. Nimeshapanga kila kitu. Nitamfundisha kobe yule kuzijua nyayo zangu kwa kumpa kabichi, na Mpole akirudi, mbele ya baraza lote, kobe atanifuata mimi. Tutaona hapo kama ni mapenzi. Nilianza leo mchana. Bado amejificha ndani ya gamba, kwa hiyo nimemsomea utangulizi.

Nimekikalia kiti kipya kuanzia alasiri. Mikono yote miwili iko imara. Mke wangu ameita chakula, ameita tena, sasa nasikia wanakula bila mimi. Mguu wa kulia umekufa ganzi. Hakimu amelala juu yake, na kila nikisogea anashtuka.

Nitakula akiamka. Mtafiti makini hamsumbui mnyama.