Mbuzi wa Kingi Joji

Rogath hakuwa mtu wa kusikiliza maongezi ya wenzake, isipokuwa yakiwa na dola ndani. Mwaka huo wa tisini na nne, katika baa moja ya Soweto mjini Moshi, dalali mwenye miwani aitwaye Valerian alikuwa akimlalamikia mhudumu kwenye meza ya jirani. Kuna mtalii anakusanya noti za zamani zenye sura ya mfalme wa Uingereza, dola mia mbili kwa noti. Moja ipo kwa Lukresia, mjane wa karani wa kahawa kule Kirua Vunjo, ila mwenyewe mbishi, hamuuzii dalali.

Rogath hakumaliza bia. Kesho yake, apate mtaji, aliuza cherehani ya mkewe Tabitha, ile iliyokuwa ikiwalisha, akamwambia ameipeleka kutiwa mafuta. Akafunga tai, akapanda mlimani.

"Shikamoo, mama. Natoka makumbusho. Noti za mkoloni zimepigwa marufuku, lakini sisi tukizichukua tunawafutia watu kosa."

"Marahaba, baba. Ndiyo kwanza nasikia." Lukresia akafungua kopo la maziwa ya unga, akamtoa Kingi Joji wa kwenye noti, anatazama pembeni kama mtu anayekwepa mdai wake. "Mchukue. Ila mali ya marehemu haitoki kihambani, kwenye shamba la ukoo, hivi hivi. Ndugu zake sharti wale mbuzi, wanywe mbege, kwa gharama ya mchukuaji."

"Serikali haina fungu la mbuzi, mama."

"Basi iniache na kosa langu."

Rogath akawaza dola mia mbili, akalipa. Mbuzi alinunuliwa palepale, bandani kwa Lukresia, kwa bei ambayo mbuzi mwenyewe angeshtuka. Mbege nayo ilikuwa imeshaiva, ingawa kila mtu anajua pombe ile huchukua siku kadhaa. Rogath alikuwa mwerevu sana, lakini siku hiyo alikuwa na shughuli.

Ndugu wakaja saba, wakala, wakaisifu serikali. Kila mmoja alipewa fungu lake, maana mlimani nyama ina wenyewe. Mwishoni Lukresia akafunga mbavu katika jani la mgomba, akakaza kwa utepe wa kanga ya njano.

"Hili la mwanangu wa kwanza, yuko mjini. Liache kwa muuza magazeti pale stendi, atalipitia."

Rogath akaliacha, kwa moyo mweupe kabisa.

Asubuhi mhudumu wa baa alimwelekeza chumba cha Valerian, akamkuta. Dalali akainua noti dirishani, akasikitika.

"Imekunjika puani, kaka. Mtalii hataki mfalme mwenye makunyanzi. Nitakupa hela ya soda, kwa ubinadamu tu."

Rogath akainamisha kichwa. Mezani palikuwa na jani la mgomba, utepe wa kanga ya njano na mbavu tatu zilizobaki.

"Karibu nyama," alisema Valerian, bila haya.

Rogath aliwaza polisi, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa makumbusho. Kilichomuuma zaidi ni kuwa fungu lile alilibeba mwenyewe, tena kwa uangalifu, lisivuje. Akachukua noti yake akaondoka.

Nyumbani Tabitha alikuwa ameketi mbele ya meza tupu, vitambaa vya sare za kwaya vimerundikana miguuni pake, vinasubiri Jumapili.

"Mafuta hayajakwisha kutiwa?"

Rogath aliona aibu, aibu ya kweli, jambo lililomshangaza hata yeye. Akaiweka noti pale cherehani ilipokuwa ikikaa. Tabitha akaigeuza, akamtazama mfalme kwa muda mrefu.

"Huyu anajua kushona?"