Diwani, Beberu wa Ihanja

Jumatatu, 2 Septemba
Kitoto kingine cha mbuzi kimekufa. Miguu kama njiti za kiberiti, hata kunyonya hakiwezi. Nimechoka kuzika.
Kaja Elisha, bwana mifugo, na tableti yake. Shikamoo nzuri, habari mbaya. Anasema mbuzi wetu wanapandana ndugu kwa ndugu. Ataandika mama na baba wa kila mbuzi wa kikundi chetu cha wafugaji. Beberu mwenye undugu na majike atahasiwa.
Diwani wangu! Niliyemlea kwa uji! Hahasiwi mtu hapa.

Jumanne, 3 Septemba
Nimempata Elisha. Nimemwambia Diwani ni mgeni, nilimtoa Ihanja kwa mkwe wangu Fabiano. Na ni kweli!
Jirani yangu Mboni kacheka, eti vitoto vyote zizini kwake vina sura ya Diwani. Nikamwambia aangalie kwanza wajukuu wake wana sura ya nani. Halafu nikampelekea mlenda. Goti linamsumbua, nani mwingine atampikia?
Nikamuuliza Elisha, hesabu hiyo mwezi mzima? Kasema tableti hailinganishi kila mbuzi na kila mbuzi. Inaanza na wazee, inashuka. Mtoto anachukua nusu ya mama, nusu ya baba. Makubwa! Mimi nimewapimia watu undugu hivyo hivyo, harusi zote za hapa, bila betri.

Alhamisi, 5 Septemba
Tableti imetaka wazazi wa mbuzi wa Fabiano. Elisha kampigia simu mbele yangu. Mkwe ana mdomo! Kajisifu mbuzi wake wote ni uzao wa mahari ya binti yake Catherine, mke wa mwanangu. Mahari niliyotoa mimi. Kutoka zizi hili hili!
Sijamaliza kujikuna pua, jibu limetoka. Diwani anapanda shangazi zake.
Nikasema mbuzi akishatolewa mahari kabadili ukoo, si wetu tena. Elisha kanijibu taratibu, bibi, ukoo umebadilika, damu ni ile ile. Nilitaka kumchapa. Nikampa karanga, mtoto kakonda. Atarudi Jumapili na koleo la kuhasia.

Jumamosi, 7 Septemba
Sikusubiri koleo. Nimempeleka Diwani Iguguno, kwa Wanyiramba, kwa shoga yangu Rukaiya. Majike wa kule hawana undugu naye. Kiuno kimekufa, macho yamevimba kwa kulia.
Tumekubaliana: dume lake la kwanza litaletwa kwangu, lipande majike wangu. Mboni kauliza, si litakuwa mtoto wa Diwani?
Diwani wapi! Akizaliwa Iguguno, huyo ni Mnyiramba.