Shemeji, Mimi na Ndege wa Fedha

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kuanzia leo naandika kila kitu. Siku nitakapompata ndege wa fedha watu watataka kujua nilimfikiaje, na sitaki habari hiyo isimuliwe na wenye wivu.

Mambo yako hivi. Mpiga chapa mmoja mzee, mwenyeji wa mji huu, alitunga kitabu cha kurasa kumi na mbili, mashairi na michoro, akakichapa mwenyewe kwa herufi za madini ya risasi, kwa mkono, kama zamani. Kisha akafukia ndege wa fedha anayeenea kiganjani, mahali fulani panapopitwa na watu kila siku. Atakayefumbua fumbo lililomo kitabuni amchukue, ni wake. Huu mwaka wa pili. Hakuna aliyempata.

Mimi ni fundi saa. Nina subira, nina mkono usiotetemeka, nina kioo cha kukuzia ninachokibana jichoni. Miezi minne sasa nakagua michoro kwa kioo hicho. Mti wa ukurasa wa tatu una majani mia nne na kumi na moja. Maana yake sijaijua, lakini idadi ninayo.

Mfamasia wa ng'ambo ya barabara naye ana nakala. Ameilaza wazi juu ya kaunta, katikati ya dawa za kikohozi, ili kila mgonjwa ajue kwamba anahudumiwa na msomi. Leo alivuka barabara akapendekeza tuunganishe nguvu. Eti kidole kimoja hakivunji chawa. Nilimjibu kwamba mimi sitafuti chawa. Alicheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Shemeji amehamia kwetu. Ni kaka wa mke wangu, mkubwa wake kwa miaka sita. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na miwili. Sasa macho yamemwisha. La kushoto limekufa. La kulia, daktari kasema, huenda lisiuone mwezi ujao. Anaona mwangaza na vitu vinavyong'aa, basi. Mke wangu alimpangia kitanda, kisha akaenda jikoni akafungulia maji ya bomba kwa nguvu ili tusisikie anavyolia.

Nilisikitika sana. Chumba alichopewa ndimo nilimokuwa nimetandaza nakala za michoro yangu.

Baada ya chakula cha mchana aliomba akishike kitabu. Nikampa, kwa huruma tu. Hakukifungua kama watu wanavyofungua kitabu. Alikigeuza ukurasa wa kwanza akaanza kuupapasa kwa nyuma, polepole, kama mtu anayetafuta donge chini ya ngozi. Kisha akatulia. Akasema risasi ikikandamiza karatasi huacha alama upande wa pili, na hapa kuna alama chache zilizojitokeza kuliko nyingine. Mpiga chapa stadi hakosei hivyo. Amekusudia.

Kwa kidole! Na mimi nimekonda kwa kuhesabu majani.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Leo nimefunga kibanda changu cha saa mapema, tukaketi mezani kama watu wenye kazi. Utaratibu ni huu. Shemeji anapapasa nyuma ya ukurasa mpaka apate alama iliyojitokeza. Mimi natoboa hapo kwa sindano, nageuza karatasi, nasoma herufi iliyotobolewa, naandika. Yeye haoni herufi. Mimi sihisi alama. Hakuna awezaye peke yake. Jambo hili halikunifurahisha, ila nililivumilia.

Kurasa mbili za kwanza zilitupa C, H, I, N, I, kisha Y na A. Chini ya. Shemeji aliweka mikono mezani akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu aje.

Nilimuuliza, kwa kupitisha muda, akimpata ndege huyo angemfanyia nini. Alifikiri kidogo.

"Shemeji, mimi simtaki nimweke," akasema. "Mkae naye ninyi. Nataka nimwone anavyong'aa kabla taa haijazima. Kitu cha mwisho nitakachokiona kisiwe dari ya hospitali."

Nilikohoa nikageuza ukurasa wa tatu.

S. A. A.

Chini ya saa. Katika mji mzima, nani mwenye haki juu ya saa kama si mimi? Mwandishi huyu aliniwaza mimi alipokuwa akiandika, hata kama hanijui.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimefanya jambo linalohitaji kuelezwa vizuri.

Kurasa za nne, tano na sita zilitoa I, S, I, Y, O, P, I, G, A. Chini ya saa isiyopiga. Hayo niliyaandika katika karatasi iliyokuwa gotini, chini ya meza. Mdomo wangu ulimsomea Shemeji M, K, M, B, W na mengine yaliyonijia. Kila nilipotaja herufi alirudisha kidole pale pale akapapasa tena. Mara mbili aliniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba mkono na jicho la fundi saa havina shaka. Mwishowe akasema labda leo amechoka, akaenda kulala mchana kweupe.

Sababu zangu. Kwanza, mgonjwa hapaswi kupandishwa moyo juu juu. Daktari hakusema hivyo, lakini daktari yeyote angesema. Pili, mtu asiyeona hawezi kwenda kuchimba. Tatu, nikimpata ndege nitamletea amtazame, kwa hiyo atapata alichotaka na mimi nitapata sifa yangu, na hakuna atakayepungukiwa. Nimelipima jambo hili kwa uangalifu. Liko sawa.

Kurasa sita zilizobaki hazina haja. Saa isiyopiga ninaijua.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Stesheni ya treni. Juu ya mlango mkuu kuna saa kubwa yenye kengele, na imekaa bubu miaka kumi na mmoja. Chini yake, kitalu cha maua chenye udongo laini. Sijui hao wengine wamekuwa wakitazama wapi miaka miwili hii.

Huwezi kwenda tu na sepeto ukachimba stesheni. Nimekwenda kwa mkuu wa stesheni nikajitolea kuitengeneza saa, bure, kwa mapenzi ya mji. Hesabu yangu: nitaegemeza ngazi, nitaning'iniza turubai kama pazia la kazi, na nyuma ya turubai nitachimba. Mkuu wa stesheni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalimlowa. Alisema kumbe bado kuna watu.

Nyumbani Shemeji aliniuliza kama leo tutaendelea. Nikasema kichwa kinaniuma. Akasema pole. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa pole kweli, na hilo nimeliona si haki.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mkuu wa stesheni alikataa turubai. Alitaka watu waone. Aliishika ngazi mwenyewe, kutwa nzima, akisimulia wapita njia kunihusu. Kila nilipotazama chini niliuona utosi wake, na pembeni ya utosi wake, kitalu.

Nifanye nini? Nimetengeneza saa. Chemchemi ilikuwa nzima. Kutu tu, na kiota cha ndege kati ya nyundo na kengele. Saa kumi kamili ikapiga. Abiria walisimama na mizigo yao kichwani wakasikiliza. Bibi mmoja alisema mumewe marehemu alizoea kuvaa viatu kwa mlio ule. Watu walipiga makofi.

Nilishuka nikiwa na uchungu. Saa isiyopiga sasa inapiga. Nimeharibu kidokezo kwa mikono yangu mwenyewe. Heri tu kwamba ndege hasikii.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimerudi asubuhi na sepeto ndani ya blanketi. Jumapili mkuu wa stesheni hayuko kazini. Hilo nililijua. Kwamba bomba la maji la stesheni nzima linapita chini ya kitalu, hilo sikulijua.

Sitaeleza sana. Maji yalipanda juu kuliko mlango. Mlinzi alinitoa kwa ukosi wa shati. Waliniweka katika ofisi ndogo ya mizigo, nimelowa chapachapa, mpaka mkuu wa stesheni aje kutoka kwake. Saa ilipiga saa nne. Ikapiga saa tano. Ikapiga saa sita. Mlio safi, haukwami hata kidogo. Ile ni kazi nzuri, nasema hivyo bila majivuno.

Mkuu wa stesheni alipofika hakunigombeza. Aliniangalia, akatazama kitalu, akaniangalia tena, akasema niende nyumbani. Ningependa zaidi angenigombeza.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Mlango umefungwa. Kitabu mezani, kimefunguliwa ukurasa wa kumi na mbili, kimetobolewa kwa sindano mahali ambapo mimi sikutoboa. Kando yake karatasi, mwandiko wa mke wangu, herufi kubwa kubwa:

CHINI YA SAA ISIYOPIGA ILALAYO JUA LIKIZAMA.

Niliketi na nguo zangu mbichi. Nilidhani ni saa yenye mwenyewe anayelala mapema. Kisha nikaelewa. Bustani ya manispaa. Ile nguzo ya jiwe yenye sahani ya shaba na ulimi unaotupa kivuli. Saa ya jua. Hiyo hata si saa. Haina skrubu hata moja!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimejua yote leo, maana jana hakuna aliyenisemesha.

Mke wangu hufanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali na Jumapili hupumzika. Shemeji alimwomba amsomee. Walianza upya, ukurasa wa kwanza. Kisha alimshika kakake mkono wakaenda bustanini. Mtunza bustani alikuwa ameachiwa maagizo na mwandishi: atakayekuja akilitaja lile jiwe la mashariki la nguzo, amwachie alinyanyue. Shemeji alilitaja: jua likizama, kivuli cha ulimi hulala upande wa mashariki. Wakalinyanyua wote watatu. Mke wangu anasema jua lilikuwa utosini na ndege alipotolewa kitambaani alimeta kama maji. Shemeji alimleta karibu na jicho la kulia, karibu mno, akakaa hivyo muda mrefu. Mtunza bustani aliwapa kisogo, akajitia anamwagilia.

Nilitarajia kelele. Mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Mume wangu, angekunyima nini?"

Nilisema sikuelewa swali. Nililielewa.

Nilikwenda chumbani kwa Shemeji. Nilikuwa nimetayarisha maelezo: mwanga hafifu, sindano butu, herufi zinazofanana. Hakuningoja nimalize.

"I ni nyembamba, shemeji. M ni nene. Nimezishika miaka thelathini na miwili. Uliponitajia M, kidole kilikuwa juu ya I."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe."

Kisha akaniambia kwamba tangu alfajiri jicho la kulia limefunga. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja kwamba mvua imeacha. Akanipa ndege. Akaniomba nimweleze alivyo, maana jana aliona mng'ao tu, na mke wangu hana subira na vitu vidogo.

Nikabana kioo jichoni. Nikamweleza. Manyoya ya bawa, safu tatu, kila unyoya una mstari katikati. Jicho ni tundu la sindano. Mguu mmoja umekunjwa tumboni kama anayeruka au anayetua, sikuweza kujua. Nilimweleza kwa karibu saa nzima na sikuongeza wala kupunguza hata kitu kimoja. Alisikiliza, kichwa ameinamisha. Vidole vya mguu nilivihesabu mara mbili.

Nimejifunza mengi leo. Nitayaandika kesho kwa utaratibu.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Sikupata nafasi ya kuyaandika. Kuna jambo kubwa zaidi.

Mwandishi ametangaza kwamba ndege ni wawili. Dume na jike! Wa pili yumo katika kitabu kipya, nacho pia cha herufi za risasi. Mfamasia amepata nakala jana na, badala ya kujifungia nayo kama mtu mwenye akili, ameileta hapa moja kwa moja pamoja na dawa ya macho ya Shemeji, isiyosaidia tena ila kupunguza maumivu. Shemeji amefurahi. Amesema tukae watatu: yeye apapase, mimi nisome, Mfamasia aandike. Akasema mbele ya wote kwamba anataka msomaji awe mimi na si mwingine.

Nimewaza jambo hili tangu asubuhi. Mtu niliyemdanganya waziwazi, akajua, sasa anataka nimsomee tena. Kwa nini? Hakuna mtu mwema kiasi hicho. Ni mtego. Yeye na Mfamasia wamepanga kitu, na wakinidhania mjinga wamekosea mlango.

Kwa hiyo nimekubali, kwa uso mkunjufu. Tunaanza kesho baada ya chakula. Nimejifunza kosa langu lilikuwa wapi: nilitaja M mahali pa I. Nimekaa mchana kutwa nikipanga herufi zote kwa unene, nyembamba na nyembamba, nene na nene. Mahali pa I nitataja L. Mahali pa M nitataja W.

Na kurasa mbili za kwanza nitawasomea kweli tupu, wapate kunizoea.